Jinsi ya Kuandaa Jaribio Lenye Uwezo wa Kukanusha Hoja Yako

Tangu mitungi ya gesi ilipoanza kuingia katika majiko ya Kampala, kumekuwa na ubishi usiokwisha: kwamba matoke yaliyopikwa taratibu juu ya sigiri ya mkaa, yakiwa yamefungwa katika majani ya mgomba, yana ladha ambayo moto wa gesi hauwezi kuitoa. Mara nyingi ubishi huo huamuliwa kwa umri. Mwenye mvi husema kwamba ladha ya mkaa anaitambua hata akiwa amefumba macho, wadogo hunyamaza, na chakula huliwa. Mwongozo huu unaanzia hapo kwa sababu dai la mzee huyo ni zuri mno kuachwa liamuliwe kwa heshima peke yake: amesema jambo linalopimika, na amelisema kwa namna ambayo, akikosea, kila aliyeketi mkekani ataona.

Jaribio ni mpango wa makusudi unaoipa hali halisi nafasi ya kukanusha kile ambacho mtafiti anakiamini. Sharti hilo halibadiliki mtu anapotoka katika maabara ya kemia na kuingia katika shamba la maharage, chumba cha muziki, au soko ambamo lugha tatu zinasikika kwa wakati mmoja. Kinachobadilika ni vyombo, muda, na kiasi cha mambo ambayo mtafiti anaweza kuyaweka chini ya mamlaka yake. Nalisema hili mapema kwa kuwa nchini Uganda mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi atekeleze miradi, na katika shule nyingi neno jaribio bado linaachiwa walimu wa fizikia, kemia na biolojia. Mpaka huo kati ya sayansi na sanaa ulizidi kuwa mkali mwaka 2022, walimu wa sayansi wenye shahada walipopandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi na wenzao wa sanaa wakagoma. Suala la mishahara lina wenyewe. Dhana kwamba mwalimu wa historia, wa muziki au wa Kiswahili hana jaribio la kufanya ndiyo ninayoipinga hapa.

Andika kabla ya kupima

Hatua ya kwanza inahitaji kalamu tu. Kabla ya kuwasha moto, andika dai lenyewe kwa sentensi moja, kisha andika ni matokeo gani ambayo, yakitokea, utakubali kwamba dai hilo halikusimama. Ukishindwa kuiandika sentensi ya pili, bado huna jambo la kujaribu, hata kama una maabara nzima. Kusema kwamba matoke ya mkaa ni matamu zaidi hakupimiki, kwa sababu hatujui utamu huo ni wa ulimi wa nani. Kusema kwamba mzee huyu anaweza kuyatofautisha matoke ya mkaa na ya gesi bila kuyaona yakipikwa kunapimika.

Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, alikutana na dai la aina hiyo hiyo katika miaka ya 1920, mwenzake Muriel Bristol aliposema kwamba anaweza kutambua kwa ladha kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ilitangulia. Fisher alieleza jaribio la vikombe vinane katika kitabu alichokichapisha mwaka 1935, na hesabu yake inahamia kwenye matoke bila kubadilishwa tarakimu hata moja. Pakua sahani nane, nne kutoka sufuria ya mkaa na nne kutoka ya gesi, na umwambie mzee kwamba ziko nne kwa nne. Mpangilio wa kuzipeleka uamuliwe kwa vikaratasi vinavyovutwa kutoka kapuni, na anayezipeleka asijue ipi ni ipi, kwa sababu uso wa mpishi husema mengi kuliko mwenyewe anavyodhani.

Kuna njia 70 za kuchagua sahani nne kati ya nane, na ni moja tu iliyo sahihi, kwa hiyo mtu anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 70 ya kupatia zote. Akikosea sahani moja ya kila aina, yaani akapatia sita kati ya nane, mambo hugeuka kabisa. Njia 16 huleta matokeo hayo, na ukijumlisha ile moja iliyo kamili, mtu asiyejua lolote ana nafasi 17 kati ya 70, karibu robo, ya kufanya vizuri kiasi hicho au zaidi. Ndiyo maana kiwango cha kushinda kinapaswa kuandikwa kabla ya sahani ya kwanza kupelekwa, maana baada ya hapo kila mtu atakiona kiwango kilichomfaa yeye kuwa ndicho cha haki. Wenye haraka wataona sahani nane ni usumbufu na watapakua nne, mbili kwa mbili. Anayebahatisha hapo ana nafasi moja kati ya sita, na jaribio hilo halitoshi hata kumaliza ubishi wa chakula cha mchana.

Linabaki suala la kufananisha kila kitu kingine. Matoke yatoke katika mkungu mmoja, yamenywe na mtu mmoja, yaive kwa muda unaokaribiana na yaliwe yakiwa na joto moja. La muhimu kuliko yote, majani ya mgomba yatumike katika sufuria zote mbili. Ukifunga ya mkaa kwa majani na ya gesi kwa kaveera, utakuwa umelinganisha majani na plastiki, na hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Badilisha jambo moja, mengine yaachie kura

Katika shule moja niliyowahi kufundisha tulipanda mistari miwili ya maharage kando ya darasa, mmoja ukiwa umetiwa majivu na mwingine haukutiwa kitu. Mstari wa majivu ulistawi vizuri mno, nasi tukaandika ripoti yenye furaha. Msimu uliofuata, mvua kubwa ilipotukuta tumejibanza barazani, ndipo tulipogundua kwamba maji yote ya paa la mabati yalikuwa yakimwagikia mstari ule ule. Hatukuwahi kujua majivu yalifanya kazi gani, na mpaka leo nikisoma ripoti ya mradi wa shamba swali langu la kwanza ni mahali paa linapomwaga maji.

Watafiti wa zamani walijaribu kulitatua tatizo hili kwa uangalifu wa macho. James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1747 aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili katika tiba sita, akahakikisha wanalala mahali pamoja na wanakula chakula kimoja, na wale wawili waliopewa machungwa na malimau wakapata nafuu ya haraka kuliko wengine wote. Lakini aliwachagua waliofanana kwa kadiri alivyoweza kuona, na macho huona kile ambacho mtu tayari anashuku. Kura ina faida ambayo uangalifu hauna: huyagawa kwa haki hata mambo ambayo hukuyawaza, ikiwemo michirizi ya paa.

Katika vilima vya Kigezi, ambako mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi kwa matuta, udongo wa chini na wa juu haufanani hata ndani ya shamba la mtu mmoja. Anayejaribu mbegu mbili huko asiipande moja juu na nyingine chini. Aligawe shamba katika kanda zinazofuata ngazi za mlima, na ndani ya kila kanda avute kura kuamua kipande kipi kipate mbegu ipi. Kwa njia hiyo kila mbegu itakutana na udongo mzuri na udongo mbaya. Kanda nne ni chache lakini zinafaa kwa mradi wa shule. Kanda moja haifai kabisa.

Kura hiyo hiyo imetumika kwa watu, tena hapa hapa Uganda. Serikali ilipotoa ruzuku kwa makundi ya vijana wa kaskazini mwaka 2008, takriban dola 400 kwa kila mtu, ili wajifunze ufundi na kununua vifaa, makundi yaliyostahili yalizidi fedha zilizokuwapo, na kura ikaamua yapi yapate. Wachumi Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne, mapato ya waliopata yalikuwa juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa, tofauti hiyo ya mapato ilikuwa imetoweka, kwa sababu waliokosa walikuwa wamewafikia wenzao. Aliyepima mwaka wa nne peke yake angesema jambo moja, na aliyepima mwaka wa tisa peke yake angesema jingine, ilhali wote wawili wangekuwa wamepima kwa usahihi. Katika sentensi zako mbili za mwanzo, kwa hiyo, ongeza tarehe ya kupima.

Watu si maharage

Mstari usiotiwa mbolea haulalamiki, lakini mtu aliyewekwa katika kundi la kulinganisha ana haki ya kuuliza kwa nini amenyimwa. Jibu linapaswa kuwa tayari kabla hajauliza. Wilayani Rakai, karibu wanaume 5,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokubali kutahiriwa waligawanywa kwa kura: nusu watahiriwe mara moja, nusu wasubiri miezi 24, ili ijulikane kama tohara inapunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Waliosubiri hawakunyimwa huduma, bali walicheleweshewa, na wasimamizi huru wa usalama wa utafiti walipoona Desemba 2006 kwamba tofauti imeshajidhihirisha, jaribio lilisimamishwa na waliobaki wakapewa fursa hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, yakionyesha kwamba maambukizi yalipungua kwa takriban nusu au zaidi.

Kwa utafiti wa kiwango hicho utaratibu wa Uganda unajulikana: mpango hupitishwa kwanza na kamati ya maadili iliyotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha husajiliwa na Baraza lenyewe, na dawa zikihusika, Mamlaka ya Taifa ya Dawa huingia pia. Mwanafunzi wa sekondari hafiki huko, ila asidhani kwamba yuko huru. Asimlishe mtu kitu bila kumweleza, asimnyime mwenzake somo ili awe wa kulinganishwa, na wazazi wapewe taarifa iliyoandikwa katika lugha wanayoisoma.

Sauti, ngoma na filamu

Hapa ndipo wengi husita, wakidhani kwamba maana, uzuri na hisia havipimiki. Ni kweli kwamba uzuri wa wimbo haupimwi kwa rula. Hata hivyo, madai mengi yanayotolewa kuhusu wimbo, lugha au hadithi si madai ya uzuri. Ni madai kuhusu kile ambacho watu husikia, hukumbuka au hutenda, na hayo yanaweza kukanushwa kama dai la mzee wa matoke.

Tuanze na lugha, kwa kuwa suala lenyewe liko midomoni mwetu. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa miaka mingi kumbukumbu ya askari na kambi, na kumbukumbu hiyo haikufutika kwa sababu tu Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, au kwa sababu Baraza la Mawaziri liliagiza mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Ukimuuliza mtu ana kwa ana anakionaje Kiswahili, atakujibu kwa adabu, na adabu si data. Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake walichapisha matokeo ya mbinu waliyoibuni huko Montreal ili kulikwepa tatizo hilo. Wasomaji wenye lugha mbili walirekodiwa, kila mmoja akisoma maneno yale yale kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, rekodi zikachanganywa na sauti za watu wengine, na wasikilizaji, wasiojua kwamba wamemsikia mtu mmoja mara mbili, wakaambiwa wampe kila msomaji alama za akili, uaminifu, upole na kadhalika. Wasikilizaji wa Kifaransa wenyewe waliipa sauti ya Kiingereza alama za juu zaidi katika mambo mengi, jambo ambalo wachache wangelikiri hadharani.

Ili kuirudia mbinu hiyo Jinja au Gulu, mtafute msomaji anayezungumza Kiswahili na Luganda, au Kiswahili na Kiacholi, bila lafudhi inayomfichua. Maandishi yawe ya jambo la kawaida, kama vile kumwelekeza mgeni njia ya kwenda hospitali, maana ukichagua habari za vita utakuwa umempa msikilizaji jibu. Kati ya rekodi zake mbili ziwekwe sauti nyingine nne au tano. Karatasi ya alama iwe na sifa chache, na moja kati yake iwe ile unayoitarajia, kwa mfano ukali. Andika mapema: iwapo ukali wa sauti ya Kiswahili hautazidi ule wa lugha nyingine, dai langu limeanguka. Mwishoni waeleze wasikilizaji siri yote, kwa kuwa umewaficha jambo kwa dakika chache na wana haki ya kulijua.

Muziki unatupa mfano ulio karibu zaidi. Amadinda, ile marimba ya Buganda yenye mbao 12, hupigwa na watu watatu. Omunazi huanza, omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na omukoonezi huzipiga mbao mbili za juu tu, akirudia kile kinachojitokeza kwenye noti mbili za chini. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza ala hiyo kuanzia mwaka 1959 kwa Evaristo Muyinda, fundi mashuhuri aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda, aligundua kwamba msikilizaji husikia miondoko ambayo hakuna hata mmoja kati ya wapigaji aliyeipiga. Sikio huzikusanya noti zilizo karibu na kuziundia wimbo wake lenyewe, hasa mwendo unapokuwa wa kasi.

Dai hilo linajaribika kwa simu. Warekodi wapigaji wawili, kila mmoja peke yake na kisha wakiwa pamoja, halafu mtu asiyeujua wimbo huo aimbe bila maneno anachokisikia katika rekodi ya pamoja. Linganisha alichokiimba na kile ambacho kila mpigaji alipiga. Kisha upunguze mwendo wa rekodi ile ile kwa programu ya kawaida ya kuhariri sauti. Ikiwa kasi ndiyo inayoiumba miondoko hiyo, basi mwendo ukipungua vya kutosha inapaswa kutoweka. Ikiendelea kusikika, maelezo yanahitaji kurekebishwa. Ninalipenda jaribio hili kuliko mengine yote katika mwongozo huu, kwa sababu linamfanya mwanafunzi wa fizikia na wa muziki wagombanie simu moja.

Fasihi simulizi nayo ina jaribio lake maarufu. Mwaka 1935 Milman Parry, Mmarekani aliyekuwa akitafuta jinsi tenzi ndefu za kale zilivyoweza kutungwa bila maandishi, alikuwa Yugoslavia akirekodi waimbaji wa tenzi. Alimwacha Avdo Međedović amsikilize mwimbaji mwingine akiimba utenzi ambao Avdo hakuwahi kuusikia, wenye mistari 2,294, kisha akamwomba auimbe yeye. Wa Avdo ulifika mistari 6,313. Kisa kilibaki kile kile, huku mapambo, hotuba na hisia za wahusika vikiongezeka. Jaribio moja lilionyesha kwamba mwimbaji hufahamu njia ya kutunga, na anapoimba anatunga.

Mwalimu wa Mbarara anaweza kuuliza swali hilo kwa watambaji wa ebyevugo, yale majigambo ya Ankole. Mtambaji mmoja arekodiwe akitamba jambo lile lile mara mbili, wiki tatu zikipita katikati, bila kuombwa alirudie neno kwa neno. Kisha aulizwe kama matambo hayo mawili ni sawa. Waimbaji wa Yugoslavia walisisitiza kwamba walirudia kila neno, ilhali rekodi zilionyesha vinginevyo. Usimwone mzee kuwa mwongo jibu lake likipingana na rekodi. Huenda neno "sawa" kwake lina maana ambayo bado hujaielewa, na hiyo ndiyo mada ya ukurasa wa pili wa ripoti yako.

Kuhusu filamu, mchumi Emma Riley alitumia kura jijini Kampala kuamua ni wanafunzi gani waliokuwa wakikaribia mtihani wa taifa watakaotazama Queen of Katwe, filamu ya mwaka 2016 inayohusu maisha ya Phiona Mutesi, mchezaji wa chesi aliyekulia Katwe. Waliosalia walitazama filamu nyingine ya burudani. Wanafunzi wa kidato cha nne walioiona hadithi ya Mutesi walipungukiwa na uwezekano wa kufeli hisabati. Angalia kundi la kulinganisha lilivyopangwa: nao walitoka shuleni, nao walikaa ukumbini, nao walifurahi. Wangebaki darasani tungebaki tukijiuliza kama faida ilitokana na hadithi au na matembezi.

Yaliyopita hayarudiwi

Mwanahistoria hawezi kuvuta kura ili kuamua ni ufalme upi uvamiwe. Anachoweza ni kutafuta mahali ambapo dai lake linatabiri kitu kinachoweza kukaguliwa kwa njia nyingine. Pale Biharwe, kando ya barabara ya kwenda Mbarara, pana mnara wa kumbukumbu ya tukio linalosimuliwa Ankole na Bunyoro: Omukama Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa akirudi na ng'ombe aliowateka, jua likatiwa giza mchana, naye akakimbia akawaacha. Wanaastronomia wanaweza kukokotoa kupatwa kwa jua kulikotokea karne tano zilizopita kwa usahihi mkubwa, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1520, ingawa wapo waandishi waliopendekeza mwaka mwingine. Hesabu za anga hazithibitishi kisa. Hutoa orodha ya siku ambazo kisa kingeweza kutokea, na nasaba za wafalme hulazimika kuingia katika mojawapo. Ikiwa hakuna inayoingia, kuna jambo la kurekebisha, ama katika masimulizi au katika namna tunavyohesabu vizazi.

Njia nyingine ni kulitenda upya jambo la kale. Mwaka 1976, upande wa pili wa mpaka huko Buhaya, Tanzania, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuri mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, na yeye na mwanametalojia Donald Avery wakachapisha mwaka 1978 hoja kwamba hewa ya mivuo ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kuufikia moto. Wataalamu wengine wa madini waliipinga hoja hiyo ya joto. Kwamba chuma kilipatikana hakuna aliyebisha. Yatenge mambo hayo mawili katika ripoti yako. Jaribio la kutenda upya linaonyesha kwamba jambo liliwezekana. Haliwezi peke yake kuonyesha kwamba lilitokea. Thor Heyerdahl alivuka Pasifiki kwa chelezo mwaka 1947, kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia, kwa siku 101, na bado ushahidi wa lugha, akiolojia na vinasaba unaonyesha kwamba visiwa hivyo vilikaliwa na watu waliotoka upande wa Asia.

Wakati mwingine mazingira yenyewe yamekugawia makundi, na kazi yako ni kuyasoma. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili takriban kilomita 16,000 kwa gari, wakiuliza hospitali hadi hospitali kuhusu uvimbe wa taya alioueleza mwaka 1958 kwa watoto. Ramani yao ilionyesha kwamba ugonjwa hukoma kwenye miinuko yenye baridi na kwenye ukame, jambo lililoelekeza macho kwa malaria na, kwa njia nyingine, kwa kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964. Hakubadilisha kitu chochote, kwa hiyo hilo halikuwa jaribio kwa maana kamili, lakini alikuwa na swali ambalo ramani ingeweza kulikataa.

Rudia, na uandike kilichokataa

Jaribio lililofanywa mara moja ni shahidi mmoja. Mwaka 2009 Martina Björkman na Jakob Svensson walichapisha matokeo kutoka vituo 50 vya afya katika wilaya tisa za Uganda: pale wanavijiji walipopewa taarifa kuhusu kituo chao na kukutanishwa na wahudumu, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Habari hiyo ilienea duniani. Watafiti wengine walipokuja kuijaribu hatua hiyo katika vituo zaidi ya 300 nchini humu humu, hawakuona vifo vikipungua. Katika saikolojia, majaribio 100 yaliporudiwa na kuripotiwa mwaka 2015, ni takriban theluthi moja tu yaliyotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Hata Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika ambaye mwaka 1963 aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, na ambaye jina lake limebaki katika vitabu vya fizikia, ameacha ubishi unaoendelea, kwa kuwa waliorudia waligundua kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo juu au chini kunaweza kubadili jibu.

Kwa sababu hiyo daftari lako liwe na kurasa zenye namba na tarehe, lisifutwe kwa kifutio, na vipimo vilivyoharibika vibaki humo vikiwa vimekatwa mstari mmoja ili visomeke. Andika mkungu ulinunuliwa wapi, kipimajoto kilikaa wapi, nani alivuta kura. Tofautisha wazi dai uliloliandika kabla ya kupima na lile lililokujia baada ya kuona namba, kwa sababu la pili ni pendekezo la jaribio jingine. Matokeo yakikataa dai lako, ripoti iwe na urefu ule ule ambao ingekuwa nao yangekubali. Walimu wanaotoa alama wana wajibu wa kuheshimu hilo, na nakiri kwamba si wote tunaoutimiza.

Katika nyumba niliyoshuhudia jaribio la matoke, mzee alipatia sahani sita kati ya nane. Alitangaza ushindi kabla hajanawa mikono. Karatasi iliyoandikwa asubuhi ilisema kwamba lazima apatie zote, na mjukuu wake wa kidato cha pili akaisoma kwa sauti ya chini sana, akitaja na zile nafasi 17 kati ya 70. Tumekubaliana kwamba mkungu ujao utagawanywa katika sahani 12, na kwamba safari hii mpishi atakaa nje.